Ukikagua Fowada ya Mtumba, Anza na Kiuno

Mkoa wa Songwe una kata mbili zinazoitwa Chitete. Moja iko Momba, ndiko yaliko makao makuu ya halmashauri ya wilaya. Nyingine iko Ileje, wilaya inayopakana na Malawi. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Niko Chitete, ninunue mashine gani ya kutolea magogo?" sina budi kumuuliza kwanza: Chitete ipi? Wa Momba amezungukwa na miombo, mahindi na ufuta. Mti wa mbao anaoruhusiwa kuuvuna uko mmoja hapa, mwingine ng'ambo ya korongo. Wa Ileje ana milima ya Undali jirani, ambako paini na milingoti hupandwa kwa mistari, miti ya umri mmoja mahali pamoja. Mashine ninayotaka kuizungumzia ilibuniwa kwa ajili ya huyu wa pili. Wa kwanza naye asome, huenda nikamwokolea fedha.

Mashine yenyewe ni fowada. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni trekta lililoota trela mgongoni. Mbele kuna injini na kibanda cha opereta. Nyuma kuna kitanda cha magogo chenye nguzo za chuma pembeni. Na juu yake mkono wa kreni wenye makucha. Sehemu hizo mbili zimeungwa katikati kwa kiungo kinachojipinda kulia na kushoto, na tena kinajizungusha kidogo, ili magurudumu ya mbele yakipanda kisiki yale ya nyuma yabaki chini. Magurudumu ni sita au nane. Fowada hujipakia yenyewe, hubeba magogo bila kuyagusisha ardhi, na huyashusha barabarani. Trekta la kuburuta huacha mtaro ambao mvua ya kwanza huugeuza mfereji, na gogo linafika limejaa mchanga wa kuua meno ya dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao.

Fowada zilianza kushamiri Sweden na Finland miaka ya 1960. Huku Nyanda za Juu Kusini, hata Mufindi kwenye shamba la Serikali la Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, trekta la kawaida na mikono ya vijana bado ni sehemu ya kazi ya kila siku. Kwa hiyo usitarajie kukuta fundi wa fowada amekaa chini ya mwembe Tunduma akikusubiri. Hilo litaamua mambo mengi huko mbele.

Pima magogo kabla ya kutazama mashine

Wanunuzi wengi huanza na picha ya mashine kwenye simu. Wewe anza na futi kamba. Pima kipenyo cha katikati ya gogo kwa mita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.785, kisha zidisha kwa urefu. Gogo la paini la mita 4, lenye kipenyo cha sentimita 25, linatoa karibu mita za ujazo 0.2. Paini mbichi huwa na uzito unaokaribia tani moja kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo gogo hilo ni kilo 190 hivi. Fowada ya tani 10 itabeba magogo kama 50 kwa tripu. Barabara ikiwa mita 300 kutoka kwenye visiki, magogo yakiwa yamekusanywa vizuri, opereta anayeijua kazi anaweza kumaliza tripu kwa saa moja. Siku ya saa 8 ni magogo 400, karibu mita za ujazo 80.

Sasa kaa chini ujiulize: magogo 400 kila siku nani anayaangusha na kuyakata vipande? Chenso ngapi? Nani anayachukua barabarani? Fuso ya tani 10 italazimika kwenda na kurudi mara nane. Dingdong mbili hazitayamaliza. Na kama shamba lako ni ekari tano, mashine itakuwa imekula kila kitu kabla wiki mbili hazijaisha, halafu ikukodolee macho. Fowada inataka miti mingi iliyo karibu karibu, pamoja na mnyororo wa watu na magari unaokwenda kwa mwendo wake. Bila hayo umenunua sanamu la gharama.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wa Ulaya hawalijui. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi hiyo kutoa magogo mlimani ni kutafuta balaa: udongo mwekundu unateleza kama sabuni na barabara za vijijini zinakatika. Lakini Novemba hiyohiyo ndipo trekta la shamba linapogombaniwa, kila mtu akitaka alimiwe. Fowada hailimi. Mwenye trekta la nguvu farasi 80 au 100, lenye trela la bogi na kreni ndogo inayoendeshwa na pampu ya haidroli, atatoa magogo kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha atafungua trela na kufunga jembe. Atabeba tani 6 mpaka 8 badala ya 10, atakwenda polepole zaidi mlimani, lakini atakula miezi yote 12.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kama huna mikataba ya kukufanyisha kazi miezi minne au mitano mfululizo, acha fowada. Nunua trekta, lifungie bamba la chuma tumboni, fremu ya kumkinga dereva likipinduka na kinga za vali za matairi, ndipo uliunge na trela la kreni. Kama wewe ni wa Momba na unavuna miti michache ya miombo kwa kibali, hata kreni usinunue: winchi nyuma ya trekta, au maksai waliofunzwa, watakufikisha. Fowada inamfaa mkandarasi aliyekubaliana na kikundi cha wapanda miti wenye mashamba yanayopakana, au aliyepata kazi ya kutoa magogo kwenye shamba kubwa. Kama ndiye wewe, twende.

Injini ya ukoo unaojulikana

Mashine ya mtumba inanunuliwa pamoja na spea zake, hata kama spea hizo bado ziko dukani. Anza na injini. Fowada kadhaa za zamani za Timberjack zilifungwa injini za Perkins, na Perkins ndiyo iliyomo kwenye Massey Ferguson nyingi zilizozagaa mikoani. Usidhani kila kipande kitaingia, ila fundi aliyeshika 290 au 390 hatashangaa, na Mbeya utapata wa kusaga silinda na wa kupima nozeli. Ponsse, ile ya Vieremä huko Finland, tangu katikati ya miaka ya 1990 imekuwa ikitumia Mercedes-Benz. Valmet ilitumia injini za ukoo wake yenyewe. Wazee wanaokumbuka matrekta ya Valmet yaliyokuwa yakiunganishwa Kibaha miaka ya 1980 wataitambua mara moja: ni jina lilelile.

Jina lililoandikwa ubavuni linaweza kukupoteza unapoagiza spea. Timberjack ilinunuliwa na John Deere mwaka 2000, na mashine za misitu za Valmet zikaenda kwa Komatsu mwaka 2004. Kwa hiyo ukitafuta kitu cha Timberjack 1110, muulize wakala wa John Deere. Cha Valmet 840, wa Komatsu. Wape namba ya mashine iliyogongwa kwenye bamba la chuma, usiwape namba ya modeli peke yake. Na siku ya kulipa usikubali kuondoka bila kitabu cha spea na michoro ya umeme. Muuzaji akisema vimepotea, punguza bei. Utakuja kuvilipia tu.

Kuhusu umeme, mimi ni mtu wa kale. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kompyuta zilianza kutawala gia na kreni za mashine hizi. Zinarahisisha kazi sana, hadi siku kioo kinapoandika kosa ambalo linafutika kwa laptopu ya wakala peke yake. Ukiwa kilomita zaidi ya 900 kutoka Dar es Salaam, mashine ya zamani ambayo fundi umeme wa malori anaweza kuifuatilia kwa taa ya kupimia ina thamani ambayo haiandikwi kwenye tangazo la mauzo.

Siku ya kukagua

Fika asubuhi, na mwambie muuzaji tangu jana asiiwashe. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameipasha ili iwake vizuri mbele yako. Kunywa chai, subiri ipoe. Ikishawaka, legeza kifuniko cha kujazia oili uone kama inapuliza moshi. Tazama maji ya radieta kabla na baada. Rangi za moshi wa bomba fundi wako anazijua, sitapoteza nafasi hapa. Injini ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kwenye fowada, na ndiyo sehemu ambayo kila muuzaji atakung'ang'aniza uisikilize.

Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kukagua mashine kama hii. Tulisikiliza injini nusu saa nzima, ikinguruma kama mpya, tukapeana mikono. Wiki ya tatu kazini sehemu ya mbele na ya nyuma zikaanza kila moja kwenda kivyake. Kiuno kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Grisi nzito na rangi mpya ndivyo vilivyokuwa vikikishikilia. Tangu hapo mimi huanza na kiuno, injini baadaye.

Hivi ndivyo kinavyokaguliwa. Futa grisi yote kwa tambara na dizeli. Chora mstari wa chaki unaokatiza kutoka kwenye pini hadi kwenye nyumba yake. Mwambie opereta apinde mashine kidogo kulia, kidogo kushoto, huku wewe ukitazama ukiwa umesimama ubavuni. Usiingie kamwe katikati ya sehemu hizo mbili injini ikiwa inawaka: pale ndipo mtu anapobanwa kama muwa kwenye kinu. Mstari wa chaki ukibaki mmoja, vizuri. Ukikatika, yaani pini inatangulia na nyumba inafuata baadaye, bushi au beringi zimelika. Milimita moja ni uzee wa kawaida. Tatu au nne ni kazi ya kutoa kiuno kizima, kuchonga matundu upya na kufunga bushi mpya. Uliza bei hiyo kwa mchonga vyuma wa Mbeya kabla ya kutaja bei yako. Kisha tafuta nyufa kwenye pembe za fremu karibu na kiungo. Ukiona doa la rangi mpya mahali pamoja tu, likwangue.

Kiuno kina kazi ya pili. Opereta anapopakia kwa kreni, silinda za pembeni hukifunga kisijizungushe, ili sehemu ya mbele iishikilie ya nyuma isianguke. Jaribu hivi: kreni inyooshwe ubavuni ikiwa na gogo zito, mashine ikiwa tambarare. Sehemu ya nyuma ikianza kuinama polepole peke yake, breki ya kiuno inavuja. Mlimani mashine ya namna hiyo italala ubavu.

Baada ya kiuno, bogi. Hizi ni boriti mbili za nyuma, na kwa mashine ya magurudumu nane na mbili za mbele, zinazobeba magurudumu mawiliwili na zenye gia ndani yake. Kreni isukume ardhi hadi magurudumu ya upande mmoja yaelee, weka magogo ya kukinga chini ya fremu, kisha fundi atikise tairi kwa mtaimbo. Toa matone machache ya oili chini ya bogi na kwenye kila habu. Yasugue kati ya vidole, pitisha sumaku. Unga mwembamba wa chuma ni wa kawaida kwa umri wake. Chenga zinazoonekana kwa macho ni meno ya gia, na meno hayo hayauzwi Tunduma.

Kreni ni kazi ya uvumilivu. Inyanyue na mzigo, zima kila kitu, tazama saa. Dakika 10. Ikishuka kiganja kimoja, sili za silinda zimechoka, na sili ni jambo dogo. Ikishuka haraka, shuku vali au silinda iliyochubuka. Shika ncha ya mkono ukiwa umepumzishwa chini, uusukume kulia na kushoto: kucheza kukubwa kunatoka kwenye meno ya shina linalozungusha kreni, na hilo si dogo. Hesabu mahali palipochomelewa. Kuchomelewa si dhambi, mashine ya msitu bila welding ni ya maonyesho. Tofauti iko kati ya mshono ulionyooka na kinyesi cha kuku.

Mwisho, nguvu ya kwenda. Fowada nyingi hazina klachi. Injini inazungusha pampu ya haidroli, pampu inazungusha mota, mota inaingia kwenye giaboksi. Mfumo huu ukiwa wa baridi hudanganya. Omba mashine ifanye kazi saa nzima ikiwa imebeba, ndipo uipeleke mlimani. Ikipanda ikiwa baridi na kukataa ikiwa moto, pampu au mota imechakaa ndani, na kuibadilisha kunaweza kuzidi gharama ya kufanyia injini ovahoo. Kama muuzaji anaruhusu, kata filta ya haidroli kwa msumeno uikunjue. Vumbi la manjano la shaba ndani yake ni pampu inayokufa.

Saa za mita zisikusumbue sana. Mashine ya saa 12,000 yenye daftari la matengenezo naipenda kuliko ya 7,000 isiyo na karatasi hata moja. Pedali zilizolika hadi chuma na kiti kilichotoboka havidanganyi kwa urahisi kama mita.

Matairi nayo. Ni mapana, 600/50-22.5 na jamaa zake, na huwezi kuazima kutoka kwenye Fuso. Angalia michaniko ya ubavuni, kisha uliza bei ya tairi moja jipya likiwa limefika Tunduma. Wengi wakisikia jibu huanza kuhesabu upya.

Kuileta

Sisi wa mpakani tuna njia mbili. Moja ni meli hadi Dar es Salaam, kisha barabara ya TANZAM. Nyingine ni Nakonde, kwa mashine iliyofanya kazi Afrika Kusini au kwenye mashamba ya paini ya Copperbelt, Zambia. Hiyo ya pili ina faida kwamba mashine tayari imezoea joto na vumbi, na unaweza kupanda basi ukaikague kwa macho yako.

Kabla ya kutuma hata shilingi, mwulize wakala wa forodha mashine itaingizwa kwa kifungu kipi cha ushuru, na akuandikie hesabu. Trekta la kilimo lina nafuu zake. Usichukulie kwamba fowada itazipata kwa kuwa ina magurudumu makubwa. Sharti lingine: ioshwe kwa mashine ya maji ya nguvu huko itokako, hadi kwenye mikunjo ya tumbo. Udongo na magome ya miti ya nchi nyingine yana wadudu wake, na hakuna anayetaka kuletewa ugonjwa wa paini. Fowada nyingi ni pana, kwa hiyo itasafiri juu ya lobedi na huenda ikahitaji kibali cha TANROADS cha mzigo usio wa kawaida. Kibali hicho kitafutwe mapema, siyo gari likiwa limeshasimamishwa mizani.

Damu mpya kabla ya kazi

Ikifika, usiipeleke msituni. Oili zote zimwagwe: injini, giaboksi, difu, bogi, habu. Filta zote mpya. Pigia grisi kila nipeli mpaka ile nyeusi itoke yote.

Oili ya haidroli ina mtego wake. Mashine ya Finland au Sweden mara nyingi huwa na oili nyepesi ya nchi ya baridi, ambayo huku ikipata moto inakuwa kama maji na pampu inapoteza nguvu. Kwa joto letu namba 46 inafaa, na mabondeni kwenye joto kali wengine huenda 68. Kitabu cha mashine kina jedwali. Tena baadhi ya mashine hizo hutiwa oili maalumu inayooza ardhini bila kudhuru. Ni nzuri, lakini ukiichanganya na ya kawaida inaweza kutoa povu na kuziba filta. Muulize muuzaji. Asipojua, safisha mfumo mzima.

Nunua hosipaipu za akiba kwa vipimo vinavyopasuka mara nyingi, yaani zile za ncha ya kreni na makucha, pamoja na viungo vyake. Nyuzi za viungo hazifanani, nyingine za milimita, nyingine za inchi za Kiingereza. Peleka kile cha zamani mkononi, usitegemee maelezo ya simu.

Kazini

Opereta mzuri ni yule aliyeshika ekskaveta, kwa sababu vijiti vya kreni tayari viko mkononi mwake. Chuo cha viwanda vya misitu cha FITI kilichoko Moshi kina kituo chake cha mafunzo Mafinga. Kijana wako akienda huko kwa muda mfupi utaona tofauti kwenye bili ya spea. Usimlipe kwa tripu. Ukimlipa kwa tripu atakimbia na mzigo juu ya visiki, na anayelia ni kiuno. Mpe mshahara, na nyongeza mwezi ukipita bila pini kukatika wala hosi kupasuliwa kizembe.

Mteremko upimwe, usikadiriwe kwa macho. Nyoosha kamba ya mita 10 kwa usawa wa maji. Ncha ya upande wa bondeni ikiwa juu ya ardhi kwa mita 3, huo ni mteremko wa asilimia 30, na hapo ndipo mwisho kwa mashine nyingi za magurudumu zisizofungwa kamba ya winchi. Udongo ukiwa umelowa, ishia chini ya hapo. Panda na shuka moja kwa moja. Ukikatiza mlima ubavu na mzigo, hata mteremko mdogo unatosha kukulaza. Kwa hiyo njia zipangwe kabla ya mti wa kwanza kuanguka, na wakata miti waambiwe waangushe kuelekea njia, matawi wayaache juu ya njia yenyewe. Magurudumu yakikanyaga matawi hayachimbi. Magogo yapangwe kwa urefu, kandokando ya njia, ncha moja usawa. Kreni inayookota gogo mojamoja kichakani inakula dizeli bure.

Na kuhusu dizeli: tarajia lita 10 hadi 15 kwa saa. Andika kila siku saa za mita, lita na mita za ujazo. Kazi ikienda vizuri utaona lita moja hadi moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Ikipanda hadi mbili na kuendelea, ama magogo yametawanyika, ama radieta imeziba, ama kuna bodaboda inayokuja usiku na madumu.

Radieta na kipoza oili vipulizwe kila siku. Sindano za paini hujipenyeza kila mahali, na rundo lao juu ya bomba la moshi, karibu na hosi inayovuja, mwezi wa Septemba, ni moto. Mashine iwe na mitungi miwili ya kuzimia, mmoja ukiwa unafikika kutoka chini. Swichi ya kukata betri izimwe kila jioni.

Deiwaka, yaani vibarua wa siku, wasipande juu ya magogo kurudi barabarani. Najua wanapanda. Anayepakia asiwe na mtu yeyote ndani ya mita 20, na nyaya za TANESCO zikiwa karibu, magogo yashushwe kwingine. Hosi ikivuja, usitafute tundu kwa mkono: haidroli yenye presha hupenya ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, husikii maumivu makali, na kesho mkono unakatwa. Tumia kipande cha boksi. Aliyepigwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba oili imeingia chini ya ngozi.

Mto na chemchemi ziheshimiwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Njia ya fowada isiingie humo. Na kila gogo linalotoka, hata la shamba lako mwenyewe, lisafiri na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Ofisa misitu wa wilaya au wa TFS, wakala wa Serikali wa huduma za misitu, ajue mapema unaanza lini, kabla lori halijafika kizuizini.

Mvua zikianza

Mwishoni mwa Oktoba tafuta mahali pa kuilaza. Isimame juu ya mbao nzito, siyo udongoni. Kreni ishushwe hadi chini na silinda zote zirudishwe ndani kadiri inavyowezekana. Fito zinazong'aa zinazobaki nje zipakwe grisi, maana kutu kidogo tu juu yake itachana sili zote Mei. Tangi la dizeli lijazwe ili mvuke usigeuke maji ndani. Betri itolewe ikae nyumbani. Kila wiki mbili iwashwe, ipate moto, iende mbele na nyuma hatua chache.

Na funga mianya yote ya kibanda na ya chini ya kiti kwa wavu wa chuma. Panya hutafuta pa joto, na hakuna godoro wanalolipenda kama nyaya za fowada. Waya mmoja uliotafunwa mahali pasipoonekana unaweza kukurudisha Mbeya mara tatu kabla hujaupata.